Kofia Ikianguka Miguuni Pako: Mwongozo wa Igizo na Filamu ya Wanafunzi Dhidi ya Uonevu Skulini

Mwongozo huu ni wa walimu wa Unguja na Pemba wanaotaka wanafunzi wao watunge igizo, na baadaye filamu fupi, kuhusu uonevu unaotokea skulini mwao. Hauhitaji jukwaa, taa wala kamera ya kununua. Unahitaji wanafunzi kati ya 12 na 18, mwalimu mmoja wa kiume na mmoja wa kike, simu mbili na wiki zipatazo nane. Unahitaji pia uvumilivu, kwa sababu igizo la kwanza watakalokuletea litakuwa baya, tena ubaya wake unajulikana kabla: jeuri mmoja atampiga mnyonge, mnyonge atalia, mwalimu mkuu ataingia na bakora, jeuri ataomba radhi na watu watapiga makofi.

Igizo la namna hiyo nililisimamia mimi mwenyewe katika skuli moja ya Pemba, na likatuumbua. Kijana aliyecheza mwonevu alikuwa hodari wa vichekesho. Alipomvua mwenziwe kofia na kuuiga mwendo wake, ukumbi mzima uliangua kicheko. Siku ya pili yake watoto wa madarasa ya chini walikuwa wakimwiga yeye, kwa maneno yale yale, na kuwafanyia wenzao. Kijana hakuwa na kosa, kosa lilikuwa katika hadithi. Tuliwaonesha watu wawili tu, mwonevu na mwonewa, ilhali watoto waliojaa ukumbini hawakuwa mmoja wala mwengine, wala hawakujiona mahali popote katika igizo lile. Hatua zinazofuata zimepangwa ili kosa hilo lisirudiwe.

Hatua ya kwanza: Tenganisheni utani na uonevu

Mkutano wa kwanza usianze na maigizo. Waulize wanafunzi utani unaishia wapi na uonevu unaanzia wapi. Kwetu hili ni suala zito, kwa sababu tumelelewa katika utani, na mtoto aliyekamatwa akimwonea mwenziwe jibu lake la kwanza huwa ni kwamba walikuwa wakitaniana tu. Dan Olweus, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Norway na kuanza kulichunguza jambo hili katika miaka ya 1970, aliweka vigezo vitatu vinavyotumika hadi leo: kitendo kinafanywa kwa kusudi la kuumiza, kinarudiwa, na baina ya wahusika kuna tofauti ya nguvu kiasi kwamba anayefanyiwa hawezi kujitetea kwa urahisi.

Watoto watavishika vigezo hivyo vizuri zaidi ukivipitisha katika jambo wanalolijua. Chukua Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambapo kila mwezi wa Julai wanaume hupigana kwa migomba na wanawake huimba nyimbo za kurushiana maneno. Mgeni anaweza kudhani ni vita. Hata hivyo kila aliyeingia uwanjani ameingia kwa ridhaa yake, ana mgomba mkononi kama alionao mwenziwe, na mchezo ukimalizika umemalizika, hakuna anayemfuata mtu nyumbani kesho yake. Kisha waulize: mtoto anayetiwa lakabu ya mguu wake kila siku anapokwenda bombani, mgomba wake uko wapi? Nimeona darasa likinyamaza kwa swali hilo baada ya kubishana nusu saa nzima.

Vijembe navyo visisahauliwe. Wasichana wengi hawapigani. Mmoja hupita karibu na dawati la mwenziwe akiimba kipande cha mipasho huku macho yake yako dirishani, wawili nyuma yake wakacheka, na akiulizwa husema hakumtaja mtu. Vivyo hivyo kwa mtoto aliyehamia mjini kutoka Micheweni, Pemba, ambaye kila akijibu swali darasani matamshi yake hurudiwa kwa sauti ya chini kutoka madawati ya nyuma. Uonevu huu ndio mgumu zaidi kuuthibitisha, na ndio unaofaa zaidi kwa filamu, kama nitakavyoeleza mbele.

Hatua ya pili: Ruhusa, ratiba na mtu wa kupokea siri

Mpelekee mwalimu mkuu na Kamati ya Skuli maelezo ya maandishi ya ukurasa mmoja, kisha waite wazazi. Waeleze wazi kwamba watoto watarekodiwa, nani atakayeiona filamu, na kwamba haitatumwa kwenye makundi ya WhatsApp. Fomu ya ridhaa ya kuigiza iwe mbali na fomu ya kurekodiwa, kwa kuwa wapo wazazi watakaoridhia la kwanza na kulikataa la pili, na mtoto wa wazazi hao bado anaweza kuandika, kutengeneza vifaa au kushika kipaza sauti. Wavulana na wasichana wanaweza kuigiza pamoja pasipo kugusana, na mazoezi yafanyike mahali pa wazi, walimu wote wawili wakiwepo. Mzazi akijua hayo tangu mwanzo hutapata ugomvi katikati ya safari.

Ratiba ndiyo inayoua vikundi vingi. Katika skuli za mikondo miwili chumba kitupu ni nadra, na mchana watoto wanatakiwa chuoni, yaani chuo cha Kurani. Vyuo vingi hupumzika Alhamisi na Ijumaa, hivyo Alhamisi mchana ndiyo siku nyepesi kuipata. Usianze katika Ramadhani, wala wakati wa masika ambapo mvua juu ya bati haitaruhusu sauti yoyote kusikika, wala kwa Pemba wakati wa mavuno ya karafuu.

Jambo moja katika hatua hii halina mjadala. Igizo hufungua midomo, na kabla ya zoezi la kwanza lazima ijulikane ni nani atakayempokea mtoto atakayekuja kusema yaliyomfika. Mtu huyo awe mwalimu wa ushauri nasaha, au mwalimu mwengine ambaye watoto wenyewe wamemtaja kuwa wanamwamini. Yakitajwa mapigo, vitisho au udhalilishaji wa kijinsia, suala hilo si la kikundi cha maigizo tena. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono hospitalini, kinachowapokea waliodhalilishwa, kuna simu ya huduma kwa mtoto, namba 116, isiyolipiwa, na kuna Sheria ya Mtoto ya Zanzibar Namba 6 ya 2011. Skuli isiyo na mtu wa kumsikiliza mtoto huyo ni bora iache igizo lisubiri.

Hatua ya tatu: Choreni ramani ya skuli

Kipe kila kikundi karatasi kubwa wachore skuli yao: lango, madarasa, bomba, vyoo, nyuma ya tangi, mwembe wanapouziwa mihogo na kachori, njia ya kwendea chuoni. Kwa kalamu nyekundu watie alama mahali wanapoogopa kupita peke yao, bila kutaja jina la mtu yeyote. Wavulana wachore mbali na wasichana, kwa sababu ramani zao hazifanani kabisa. Kwetu walimu wa zamu walikuwa wakilinda lango, ilhali wekundu wote ulikuwa umerundikana bombani, tena katika dakika zile chache ambapo mkondo wa asubuhi unatoka na wa mchana unaingia, kila zamu ikidhani nyengine ndiyo inayolinda. Jambo hilo lilirekebishwa wiki ile ile, kabla igizo halijatungwa, na huenda lilisaidia kuliko yote yaliyofuata.

Wakati huo huo wape wanafunzi wote wa madarasa yanayohusika kikaratasi kisicho na jina, chenye maswali matatu: katika miezi miwili iliyopita umeonewa mara ngapi, ulionewa wapi, na ulipomwona mwenzio akionewa ulifanya nini. Dodoso la Olweus huhesabu kuwa anaonewa yule anayesema limemfika mara mbili au tatu kwa mwezi au zaidi, na ni vyema mkatumia kipimo hicho hicho. Vikaratasi vitiwe katika sanduku lililofungwa, vihesabiwe na walimu wawili na matokeo yahifadhiwe.

Hatua ya nne: Tungeni tukio moja tu

Njia hii ina mizizi kwetu. Mwaka 1996 wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mradi wa Tuseme, ambamo wasichana wa skuli za sekondari waliyataja wenyewe matatizo yanayowakwamisha, wakayachambua na kuyaigiza mbele ya watu. Walimu tuna tabia ya kuwaandikia watoto maneno mazuri wakayakariri. Usifanye hivyo. Mwalimu aulize, wanafunzi watunge, na anayeandika awe mmoja wao.

Wazuie wasitunge maisha ya mtu kuanzia utotoni hadi uzeeni. Chagueni tukio moja, mahali pamoja palipotiwa wekundu, lisilozidi dakika tano. Hili ndilo lililotufaa sisi. Bombani wapo wanafunzi tisa. Mmoja amevaa kofia ya viua iliyoshonwa nyumbani kwao, nyeupe, bado mpya. Kijana mmoja anaichomoa kutoka nyuma, anamrushia mwenziwe, naye anamrushia wa tatu. Mwenye kofia anakimbia kutoka mkono mmoja hadi mwengine akitabasamu, kwa sababu akionekana amekasirika mambo yatazidi. Wawili wanacheka. Wasichana wawili wanajaza madumu na kujifanya hawaoni. Mwisho mrushaji anakosea, na kofia inaanguka kwenye tope, miguuni pa mwanafunzi ambaye hakuwamo katika mchezo ule kabisa. Wote wanamtazama yeye. Hapo igizo linasimama.

Mtaona kwamba shujaa wa tukio hili ni yule wa tisa, ambaye hajasema neno. Mwaka 1996 Christina Salmivalli na wenzake wa Finland walionesha kwamba katika uonevu wa darasani kila mtoto ana nafasi yake: yupo anayeonea, yupo msaidizi wake, yupo anayechochea kwa kicheko, yupo anayejitenga, yupo anayemtetea anayeonewa. Waandikieni wahusika wenu kwa mpangilio huo, na hakikisheni kila mmoja ana sababu inayoeleweka. Msaidizi anaogopa zamu yake isifike. Msichana mwenye dumu amechelewa nyumbani. Hata mwonevu msimfanye shetani, wala msimpe vichekesho. Mistari yake iwe mifupi na mikavu. Ukumbi ukimcheka mwonewa, hadithi imewaponyoka na inabidi irudiwe.

Hatua ya tano: Mazoezi

Anayejulikana skulini kuwa anaonewa asipewe nafasi ya mwonewa, hata akiomba. Anayejulikana kuwa mwonevu asipewe nafasi ya mwonevu. Lakabu zinazotumika kweli skulini zisitajwe, wala kasoro ya mwili ya mtu aliyepo isiigwe. Nafasi zibadilishwe kila wiki, ili kila mmoja apate kuikimbilia kofia na kila mmoja apate kuirusha. Mvulana mmoja aliyekuwa msaidizi wa mwonevu katika zoezi aliniambia kwamba kilichomshangaza ni kuona mikono yake ikirusha kabla hajafikiri. Kila zoezi likimalizika, wakae duara, kila mmoja ataje jina lake halisi na jambo moja linalomtofautisha na mhusika aliyemcheza. Dakika tatu hizo zisirukwe, hata adhana ya Alasiri ikiwa karibu.

Mapigano hayahitajiki. Mnyang'anyano wa kofia uliofanyiwa mazoezi polepole, kama ngoma, unaumiza macho ya mtazamaji kuliko makofi ya uongo.

Hatua ya sita: Onesho ambalo watazamaji wanaingia

Mbinu hii ni ya Augusto Boal, msanii wa Brazil aliyefariki mwaka 2009. Igizo huchezwa mara ya kwanza mpaka mwisho wake mbaya. Kisha huchezwa tena tangu mwanzo, na safari hii mtazamaji yeyote anaweza kusema "Simama!", akapanda, akachukua nafasi ya mhusika mmoja na kujaribu njia nyengine. Wahusika waliobaki huendelea kwa ukweli: mwonevu hakubali kirahisi, wachekaji hawaachi kwa kuambiwa tu. Mwonevu mwenyewe habadilishwi, maana kila mtu anaweza kusimama pale na kusema "nimetubu", na hapo hakuna aliyejifunza kitu.

Mwanafunzi mwenye ulimi mwepesi awe msimamizi, na kazi yake ni kuuliza: njia hii ingewezekana kwetu, hapa, kesho asubuhi? Njia isiyowezekana ukumbi uiite "muujiza" kwa sauti moja. Mwalimu mkuu kutokea ghafla na bakora ni muujiza, tena ndio utakaojaribiwa kwanza. Uzuri wake ni kwamba watoto wenyewe huukataa: mmoja wetu alisimama akasema kwamba bakora ikishaondoka, mwenye kofia atarudi bombani peke yake. Mwalimu aliyeko ukumbini asikunje uso kwa maneno kama hayo, na bakora yake aiache ofisini siku hiyo.

Njia zitakazobaki ni ndogo ndogo. Wa tisa anaiokota kofia, anaikung'uta na kumrudishia mwenyewe bila kumtazama mwonevu. Au anamwita mwenye kofia: "Njoo, ustadhi anatuita." Au mmoja wa wachekaji anaacha kucheka na kugeuka. Watafiti wa Kanada waliochambua mikanda ya video ya viwanja vya skuli, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, walikuta kwamba watoto wengine walikuwepo katika asilimia 88 ya matukio ya uonevu lakini waliingilia kati katika asilimia 19 tu. Walipoingilia, zaidi ya nusu ya mara hizo, yaani asilimia 57, uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Takwimu hizo ziwasomee wanafunzi baada ya onesho, kamwe si kabla. Na waambieni wazi kwamba panapokuwa na hatari ya kupigwa, kukimbilia kumwita mtu mzima hakuhesabiwi woga.

Hatua ya saba: Filamu

Filamu ije baada ya onesho, ikiwa na yale yaliyogunduliwa ukumbini. Skuli zinazoanza na simu huishia kupata video ya igizo lililochezwa mbali, sauti haisikiki na mikono inatikisika.

Andikeni orodha ya picha kabla ya kurekodi: picha ya mbali inayoonesha bomba lote, ya kati inayoonesha watu wawili watatu, na ya karibu sana ya kitu kimoja. Hizi za karibu ndizo zitakazofanya kazi ambayo jukwaa haliwezi. Kofia kwenye tope. Kidole kinachofungua bomba zaidi ili maji yapige kelele. Na kwa kijembe, macho: anayeimba anatazama dirishani, wawili wanatazamana, na anayekusudiwa anapindua ukurasa wa daftari ambao hajausoma. Picha tatu, hakuna jina lililotajwa, na kila mtazamaji amejua ni nani.

Simu ishikwe kwa ulalo, iegemezwe kwenye kiti au ukuta. Rekodini asubuhi mapema au baada ya Alasiri, kwani jua la mchana likipiga mashati meupe, mashungi na kuta za chokaa, nyuso zitageuka vivuli vyeusi; ukimpa mwigizaji mgongo kwa jua na kuusogeza uso wake upande wa ukuta mweupe, ukuta wenyewe utammulika. Simu ya pili itumike kwa sauti tu: itiwe katika mfuko wa shati au ndani ya ushungi wa anayezungumza, na kila picha ianze kwa kofi moja, ili baadaye sauti na picha zilinganishwe. Upepo wa kusi haushindiki, basi ingieni nyuma ya jengo. Adhana ikiadhiniwa, zimeni na msubiri.

Uhariri ufanywe na wanafunzi wawili wakiwa na mwalimu, kwa programu yoyote ya simu isiyolipiwa. Filamu isizidi dakika nne. Iishie pale pale, kofia ikiwa chini na wa tisa akitazamwa. Watoto watalalamika kwamba haijaisha, na wewe usikubali. Picha zote ambazo hazikutumika zifutwe, na filamu ihifadhiwe katika kompyuta moja ya skuli. Mkitamani kuipeleka nje, hata kwenye tamasha la filamu la Ngome Kongwe, wazazi na watoto waombwe ridhaa mpya; ile ya mwanzo haitoshi.

Hatua ya nane: Kuonesha na kuhesabu tena

Filamu ioneshwe darasa kwa darasa, si kwa skuli nzima, kwa kuwa katika umati wa watu mia nne hakuna atakayeinua mkono. Dakika nne za filamu zifuatwe na dakika 30 za mazungumzo, msimamizi akiwa mwanafunzi. Swali la kwanza lisiwe "tumejifunza nini", ambalo jibu lake kila mtoto amelikariri, liwe "wewe ungekuwa umesimama wapi pale bombani?"

Baada ya miezi miwili rudieni vikaratasi vile vile. Msishtuke ikiwa wanaosema wameonewa wameongezeka. Mara nyingi ni watoto ambao mwanzo hawakuwa na jina la kuyaita yaliyokuwa yakiwafika, na ndio maana tulihitaji mtu wa kuwapokea tangu hatua ya pili. Litazameni zaidi swali la tatu, la nini walifanya walipoona. Likianza kubadilika hilo, idadi ya waonewa nayo itafuata, ila kwa kuchelewa.

Kikundi cha mwaka unaofuata kisipewe filamu hii kuiga. Kipewe karatasi kubwa na kalamu nyekundu, kichore ramani yake upya, kwani uonevu huenda umeshahama bombani ukaenda nyuma ya tangi.